Kwa nini injini ya Toyota haifiki Shabunda

Maneno haya, mimi fundi wa ndege, niliyasema mbele ya mafundi wa garaji na wanagenzi wao hapa Bukavu. Wengi walizuiwa na mvua, wakaomba yaandikwe. Nimeyaacha yalivyotoka kinywani, ila nimepunguza vicheko, na yale niliyoyaonyesha kwa mikono nimejaribu kuyasema kwa maneno.

Wazee wangu, mama zangu, vijana wa garaji za Kadutu, Bagira na Panzi, ninyi makanika mliofika na mafuta bado kwenye kucha, jambo kwenu!

Kijana aliyeniletea mwaliko aliniuliza swali hata kabla hajakaa. Alisema: "Mzee, tukitoa injini ya Toyota RAV4, tukaifunga propela mbele na mabawa pembeni, itakataa kuruka?" Nikamwambia aje leo akae mstari wa mbele. Yupo? Haya, simama kidogo wakuone. Jibu lako, mwanangu, ni kwamba haitakataa. Itaruka vizuri tu. Swali ni itaruka kwa muda gani, na itakapochoka wewe utakuwa juu ya nini. Ukitoka uwanja wa ndege wa Kavumu kwenda Shabunda, mji ulio katikati ya msitu, chini yako kuna msitu wa Kahuzi-Biega, kisha msitu, kisha msitu tena. Kando ya barabara hakuna, kwa sababu hata barabara yenyewe hakuna.

Nataka niwatoe kwanza wazo moja kichwani, maana nalisikia kila ninapopita garajini. Mnadhani ndege ni gari lililosoma sana. Mnadhani injini ya ndege ni ya kisasa kuliko ya gari. Si kweli! Injini ya ndege ndogo ya pistoni, ile ya Cessna ya watu wanne, ni ya kizamani kuliko injini ya taksi iliyowaleta hapa. Inapozwa kwa upepo. Mara nyingi ina kabureta. Ina vali mbili tu kwa kila silinda. Kompyuta haina. Mzee yeyote hapa aliyewahi kufungua Volkswagen kobe akifunua boneti ya Cessna atasema, "Huyu namjua." Silinda nne zimelala, mbili huku, mbili huku, zimejaa mapezi ya kutolea joto.

Je, waliozitengeneza hawakujua kompyuta imekuja? Walijua. Wameiacha hivyo kwa makusudi, na makusudi hayo ndiyo yaliyonileta hapa.

Na msione aibu kwamba ninyi ni watu wa garaji. Ndugu wawili Wright wa Marekani walipotaka kuruka, waliandikia viwanda vya magari wakiomba injini nyepesi. Hakuna aliyewapa waliyoitaka. Wakamgeukia fundi aliyekuwa akifanya kazi katika duka lao la baiskeli, Charlie Taylor. Huyo bwana ujuzi wake wote wa injini ya esansi, yaani petroli, ulikuwa ni kujaribu kutengeneza moja iliyokuwa mbovu, basi. Akaijenga injini kwa muda wa kama wiki sita, kwa mashine ya kuchonga na mashine ya kutobolea, silinda nne, bloku ya alumini. Ilitoa nguvu ya farasi 12 hivi. Tarehe 17 Desemba 1903 ikaruka, ikizungusha propela mbili kwa minyororo kama ya baiskeli. Injini ya kwanza ya ndege yenye rubani iliyoruka vizuri ilitoka mikononi mwa makanika. Mpigieni makofi, anastahili.

Sasa turudi kwa RAV4 ya kijana wetu. Injini ya esansi ya lita 2 ya Toyota inatoa nguvu ya farasi kama 150. Injini ya Lycoming O-320, iliyofungwa kwenye Cessna 172 nyingi, nayo inatoa farasi 150 au 160. Zinalingana, sivyo? Lakini Lycoming ina ujazo wa lita 5.2. Lita tano na zaidi kwa farasi 150! Makanika gani hapa hatacheka? Mtu wa Toyota atasema wenzetu hawa ni wavivu.

Tazama sasa mizunguko. Toyota inatoa hizo 150 ikifika mizunguko kama 6,000 kwa dakika. Lycoming inazitoa kwa 2,700. Kwa nini 2,700? Kwa sababu hakuna gia. Propela imefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye ncha ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, krenki ikizunguka mara moja na propela mara moja. Propela ya Cessna hiyo ina upana wa karibu mita 1.93 kutoka ncha hadi ncha. Chukueni kalamu. Kwa mizunguko 2,700, ncha yake inakata hewa kwa kasi ya mita kama 270 kwa sekunde. Sauti yenyewe husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Tuko chini ya sauti, lakini si mbali. Ukiifunga propela ile ile kwenye krenki inayozunguka 6,000, ncha inakwenda mita 600 kwa sekunde, karibu mara mbili ya sauti. Hapo propela haivuti tena ndege. Inapiga kelele, inatikisika, na nguvu yote inapotelea kwenye mawimbi ya hewa. Basi ama utie gia ya kupunguza mizunguko, ama ujenge injini kubwa inayozunguka polepole. Wale wa zamani walichagua injini kubwa, kwa sababu gia ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kuvunjika.

Na hilo si kubwa zaidi. Kubwa zaidi ni kazi. Niwaulize madereva waliomo humu: ukienda Nyangezi, barabara ikiwa tambarare, unatumia nguvu kiasi gani ya injini yako? Sehemu ndogo sana. Farasi 150 zipo, unatumia 20, labda 30. Zile nyingine ni za kupita lori na za mlimani, dakika moja, kisha unaachia. Sasa nitajieni mahali ambapo Fuso iliyojaa haipati kuachia. Ngomo! Mnaijua Ngomo, ukitoka Kamanyola unapanda, injini inanguruma, mguu umekanyaga mpaka chini. Injini ya ndege inapanda Ngomo maisha yake yote. Inapaa kwa nguvu yake yote, kisha ikishafika juu inakaa kwenye asilimia 65 mpaka 75 saa nzima, saa mbili, saa tatu. Haiachiwi. Mpe injini ya kawaida ya gari kazi hiyo, joto ndilo litakalokuja kwanza, halafu gasketi ya kichwa, halafu tutasoma jina lako.

Nisiwe mwongo: injini za magari zimeruka, na zinaruka. Volkswagen ziko kwenye ndege za kujitengenezea. Kuna injini za mazutu, yaani dizeli, zilizotokana na Mercedes ambazo zimepata cheti kabisa na zinaruka mpaka leo. Porsche, watu wa magari ya mbio, walichukua injini ya 911 miaka ya 1980, wakaitia gia ya kupunguza mizunguko, wakamwekea rubani mkono mmoja wa kuongozea injini badala ya mitatu. Ilifanya kazi. Lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wameiacha, maana ilikuwa nzito, ghali, na wanunuzi walikuwa wachache mno. Kampuni yenye fedha na akili kama ile! Kijana wetu wa RAV4 asikate tamaa, lakini ajue aliyemtangulia ni nani.

Ndugu zangu, sasa sikilizeni hili la umeme, kwa sababu ndilo linalotenganisha makanika wa gari na wa ndege kuliko yote, na ndilo linaloweza kukukata mkono.

Gari lako likikatika waya wa koili, linafanya nini? Linazima. Ukitoa terminali ya betri na alternata ikiwa mbovu, linazima. Uhai wa gari ni betri na waya. Ndege ya pistoni haitaki kabisa kutegemea betri. Ina magneto mbili zinazozungushwa na injini yenyewe, kila moja ikitengeneza umeme wake. Kila silinda ina buji mbili, zile plagi za cheche, moja kwa kila magneto. Betri ife, alternata ife, redio inyamaze, taa zizime, injini haijui habari hiyo. Inaendelea kunguruma.

Kwa hiyo swichi yake imegeuzwa. Swichi ya gari ukiizima inakata umeme. Swichi ya magneto ukiizima inaunganisha! Inaipeleka magneto kwenye masi, kwenye chuma cha injini, ili umeme upotee usifike kwenye buji. Mnaona hatari? Waya ule mdogo ukikatika, magneto haizimiki tena. Ufunguo uko mfukoni mwako, swichi inasema imezimwa, na injini iko tayari kuwaka.

Nilikuwa katika karakana moja, siitaji. Kijana mwanagenzi, mzuri, mwenye bidii, anatoka garaji ya magari. Ndege imeegeshwa, ufunguo umetolewa. Anataka kupita na ndoo ya maji, propela imemzibia njia. Anaishika kwa mkono kama unavyosukuma mlango, anaizungusha. Ndani ya magneto ya kushoto kuna springi inayojikaza na kujiachia wakati wa kuwasha, inalia "kla!" na kurusha cheche hata propela ikienda polepole. Ikalia "kla!" Kwenye silinda kulikuwa kumebaki mvuke wa esansi. Injini ikapiga mara moja. Mara moja tu. Propela ikageuka nusu mzunguko kwa nguvu ya silinda yenye ujazo unaozidi lita moja, ikapita mahali ulipokuwa mkono wake. Mkono alikuwa amekwisha kuutoa. Ndoo ilirushwa mpaka ukutani. Tulipofungua tukakuta ule waya wa masi umekatika nyuma ya magneto, mahali ulipokuwa ukisuguana na bomba.

Tangu siku hiyo, mwanagenzi akija kwangu simfundishi kitu kingine kabla ya hiki: propela ni bunduki iliyojazwa. Usiipite mbele yake. Usiiegemee. Usiizungushe bila sababu.

Na kuna kipimo. Rubani kabla ya kupaa anapandisha injini mpaka mizunguko 1,700, kisha anazima magneto moja, anatazama sindano. Inashuka kidogo, kwa sababu buji moja tu ndiyo inayowaka katika kila silinda. Kwenye Cessna 172 nyingi isishuke zaidi ya 125, na tofauti ya kushoto na kulia isizidi 50. Ikishuka sana, haendi. Hilo hata ninyi mngelijua. Lakini isiposhuka kabisa? Makanika wa gari atasema, "Safi sana, injini nzuri." Hapana! Isiposhuka maana yake magneto uliyoizima haikuzimika. Waya umekatika. Ni ule ule wa ndoo.

Tuje kwenye mikono na miguu. Dereva, ukikaa kwenye kiti cha Cessna utaona volani mbele yako, utafurahi. Usifurahi. Ndege ikiwa chini, volani ile haigeuzi gurudumu lolote. Unaizungusha, ndege inakwenda moja kwa moja kwenye majani. Chini unaendesha kwa miguu: pedali ya kulia inapeleka kulia, ya kushoto kushoto, na ukikanyaga sehemu ya juu ya pedali kwa vidole unapata breki ya gurudumu la upande huo. Moto, yaani nguvu ya injini, unaongeza kwa mkono, unasukuma mbele. Klachi hakuna. Gia hakuna. Gia ya kurudi nyuma hakuna, wenzenu wanasukuma ndege kwa mabega.

Dereva mmoja wa njia ya Uvira, mtu wa Fuso miaka yote, alipata nafasi ya kukaa kiti cha mbele upande wa kulia. Rubani alikuwa mtu wa mzaha. Tulipokuwa juu, hewa imetulia, akamwambia ashike volani apinde kushoto, yeye mikono yake iko hapo karibu. Mzee akazungusha volani kushoto kama anavyopinda kona, akaishikilia hapo. Kwa Fuso ndivyo: ukishikilia, unaendelea kupinda. Kwenye ndege bawa la kushoto likaanza kulala, likalala zaidi, likazidi kulala. Mzee akaganda. Rubani akacheka, akairudisha volani katikati. Ndege ikabaki imelala vile vile, ikiendelea kupinda. "Sasa unapinda," akamwambia. Kwenye gari volani inakuambia gurudumu limeelekea wapi. Kwenye ndege volani inaiambia ndege ilale kwa kasi gani. Ukishalala vya kutosha unairudisha katikati, nayo inaendelea kupinda mpaka uizungushe upande wa pili uinuke. Yule mzee alishuka akisema hii ni dawa ya Wazungu. Si dawa. Ni mabawa.

Na lingine ambalo dereva hulikosea kwa moyo wake wote. Mlima uko mbele, gari linazidi kuwa zito, dereva anafanya nini? Anakaza. Kwenye ndege anayekaza kwa kuvuta volani anainua pua, na pua ikiinuka kasi inakufa. Unauza kasi, unanunua urefu, mpaka mfuko unakauka. Bawa linabeba ndege likiwa limeinama kidogo dhidi ya hewa inayokuja. Likizidi digrii 15 hivi, hewa ya juu ya bawa inaachana nalo, na bawa linaacha kubeba. Injini inaweza kuwa nzima, inanguruma vizuri kabisa, na ndege inaanguka. Dawa yake ni nini? Kusukuma volani mbele, kuishusha pua, wakati macho yanaona ardhi. Nani hapa, akiona ardhi inakuja, mkono wake wenyewe utasukuma mbele? Hakuna. Ndiyo maana kazi ile inafundishwa mpaka mkono usahau ulichozaliwa nacho.

Nimesema mikono mitatu. Mweusi ni wa moto. Wa buluu, kwa ndege zenye propela inayogeuza pembe za mapanga yake, ni wa propela. Na mwekundu ni wa mchanganyiko wa esansi na hewa. Huu mwekundu ninyi hamna kabisa. Gari la leo lina kompyuta na sensa, inapima hewa na kupunguza esansi yenyewe. Wazee wanakumbuka gari la kabureta likiletwa kutoka pwani ya Dar es Salaam kuja hapa, linatoa moshi mweusi na buji zinajaa masizi. Hewa ya huku ni nyepesi, esansi inazidi. Tulikuwa tunafungua kabureta na kubadilisha jeti. Rubani hawezi kusimama angani abadilishe jeti. Kavumu iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa imekwisha kupungua karibu moja ya tano, na nguvu ya injini imepungua pamoja nayo. Kisha mlima Kahuzi wenyewe una mita 3,308. Anayeipita juu anavuta hewa isiyozidi theluthi mbili ya ile ya pwani. Basi anavuta mkono mwekundu kidogo kidogo, anasikiliza, anatazama joto la moshi. Akishuka Shabunda bondeni anausukuma tena. Na akifika, injini hazimi kwa ufunguo. Anavuta mwekundu mpaka mwisho, esansi inakatika, injini inameza kilichobaki na kunyamaza. Sasa mmejua kwa nini: ili silinda zibaki tupu, ndoo isirushwe.

Na barafu. Mnacheka? Barafu, juu ya msitu wa Shabunda! Hewa ya pale imejaa maji. Ikipita kwenye koo la kabureta inapanuka, esansi nayo inageuka mvuke na kunyonya joto, na mle ndani joto linashuka digrii 20 na zaidi. Nje fulana imelowa jasho, ndani ya kabureta barafu inaganda na kuziba koo. Mizunguko inashuka polepole, rubani asiye makini anaongeza moto na kusahau. Kuna kitasa cha kuleta hewa ya moto iliyopita kwenye bomba la moshi. Anakivuta. Na hapa ndipo mtu hufa kwa kujua kidogo: akikivuta, injini kwanza inazidi kuwa mbaya. Inakohoa, inatetemeka, kwa sababu barafu inayeyuka na maji yanapita kwenye silinda. Moyo unamwambia arudishe kitasa. Asirudishe! Baada ya muda mfupi itakaa sawa.

Juu ya mafuta sitakaa sana. Esansi ya ndege hizi imetiwa rangi ya buluu, na ina madini ya risasi ndani yake, mpaka gramu 0.56 kwa lita. Dunia iliacha kuuza esansi yenye risasi kwa magari mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Ndege za pistoni nyingi bado zinainywa, na sisi tunaichokonoa kwenye buji kama vijiwe vidogo. Huku kwetu esansi hiyo ni adimu na ni ghali, ndiyo sababu mojawapo ndege nyingi zinazokwenda vijijini ni za turbini, kama Cessna Caravan, zinazokunywa mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Ukimwekea pistoni mafuta ya turbini kwa makosa, inaweza kuwaka kwa esansi iliyobaki kwenye mabomba, ikapaa, na ikafa ikiwa juu ya miti. Jaribio letu ni karatasi nyeupe. Dondoshea tone. Esansi safi ya ndege inakauka na kuondoka. Mafuta ya taa yanaacha duara la grisi.

Turbini ya Caravan, PT6, nikiielezea yote hatutalala. Nitasema mambo mawili. Kiini chake kinazunguka mara zaidi ya 37,000 kwa dakika, na propela yake mara 1,900, na kati yao hakuna chuma kinachowaunganisha. Turbini moja inapuliza moshi wa moto, turbini nyingine mbele yake inazungushwa na moshi huo na kuendesha propela kwa gia. La pili linawahusu ninyi watu wa betri. Gari lenye betri dhaifu haliwaki, unasukuma, basi. Turbini yenye betri dhaifu inawaka! Inawaka, lakini haizunguki kwa kasi ya kutosha kuingiza hewa ya kupoza, na moto unabaki mle ndani ukila mapanga. Kwenye injini ya Caravan joto la kuwasha likifika digrii 1,090 unaruhusiwa sekunde mbili tu. Rubani anawasha huku jicho liko kwenye sindano ya joto na mkono uko kwenye mkono wa kukata mafuta. Betri ya bei ya gari inaweza kuua injini ya bei ya nyumba kadhaa za mtaa wa Muhumba.

Mtaniuliza, kama injini yenyewe ni ya kizamani, usalama unatoka wapi? Unatoka kwenye meza yangu. Injini ya pistoni haihesabiwi kwa kilomita, inahesabiwa kwa saa. Lycoming nyingi hupewa saa 2,000, kisha hufunguliwa yote. Kwa gari la mwendo wa 60, hizo ni kilomita 120,000. Toyota yako inapita hapo ikicheka, najua. Lakini Toyota haikupanda Ngomo saa 2,000 mfululizo.

Oili inabadilishwa kila saa 50. Na oili ile si ya gari. Usimtilie oili ya gari, viungo vyake vya chuma vinaacha majivu kwenye chumba cha moto, majivu yanakuwa makaa, na makaa yanawasha esansi kabla ya buji. Ile filta ya zamani ninyi mnaifanya nini? Mnaitupa kwenye mfereji, na Ziwa Kivu linawashukuru. Sisi tunaikata. Kuna kifaa cha kuizungukia kama cha kufungulia kopo. Natoa karatasi ya ndani, naikunjua yote mkunjo kwa mkunjo, naiosha kwa esansi kwenye beseni jeupe, napitisha sumaku. Kikishikwa na sumaku ni chuma: labda kemu, labda gia. Kisichoshikwa na kinang'aa njano ni bushi. Kisichoshikwa na cheupe ni alumini ya pistoni. Vumbi kidogo, naandika na kusubiri. Kipande kama punje ya mchele, ndege haiondoki, hata kama abiria wamekaa na mkubwa fulani anapiga simu. Nimepigiwa simu hizo. Filta haijui cheo.

Kila bolti inakazwa kwa kipimo, si kwa kuguna. Nyingi kisha zinafungwa waya, waya uliosokotwa, ukivuta upande wa kukaza, ili bolti ikitaka kulegea waya uizuie. Na nikimaliza naandika nilichofanya, saa za injini, tarehe, naweka sahihi. Ndege ikianguka baada ya miaka mitatu watasoma sahihi ile. Niambieni, gari ulilolifunga breki juzi, nani anajua ni wewe?

Sipendi vijana waondoke na maneno tu. Anayetaka kazi hii: sheria ya kimataifa ya leseni ya fundi wa ndege inataka uwe na miaka 18, na miaka minne ya kazi ya matengenezo, au miwili ukipita shule iliyokubaliwa. Hapa kwetu leseni zinatolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kongo, na makao yake ni Kinshasa, kwa hiyo weka nauli. Vitabu ni vya Kiingereza na Kifaransa. Garaji inakupa mikono, na mikono haifundishwi darasani. Lakini mazoea ya "weka hivyo hivyo itafika" uyaache mlangoni, ama mimi mwenyewe nitakurudisha garajini.

Kesho saa tisa alasiri nitakuwa hapa hapa na kifaa changu cha kukatia, beseni na sumaku. Kila mmoja alete filta ya oili aliyoitoa kwenye gari, na aandike juu yake ni gari gani na limekwenda kilomita ngapi. Tutazipasua zote. Na wewe wa RAV4, leta ya kwako.